Shibiri Tatu Juu ya Kiuno

"Mama, tangu nianze bustani hii hakuna boza la maji lililopita kwenye geti langu," alisema Mhandisi. "Miaka kumi na mmoja. Andika hiyo."

Koplo aliandika. Koplo alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Ungepiga chafya mbele yake angeandika pamoja na saa.

Inspekta hakubishana. Alitoa kwenye mkoba nakala ya daftari la safari la kampuni ya kuuza maji, akaikunjua juu ya ukuta mfupi wa baraza, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wa dereva mwenyewe: nyumba ya Mhandisi, saa kumi jioni. Baada ya mstari huo dereva hakuandika kitu tena. Boza lake lilikutwa kesho yake nyuma ya ghala la saruji, ufunguo upo, tangi limejaa. Yeye mwenyewe alikuwa hajaonekana kwa miaka mitatu na miezi miwili, si mzima wala maiti.

"Basi alikosea," Mhandisi alisema. "Mtu anapeleka maji nyumba kumi kwa siku, atakosa kuchanganya?"

"Au hakuleta maji. Huenda alikuja kwa mkwewe."

Mkwe wa dereva, baba wa mkewe, alikuwa ndiye mtunza bustani wa nyumba hiyo tangu bustani ianze, mzee mkavu wa miaka sabini na mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Wakati huo alikuwa mbali kidogo, anasawazisha kokoto kwa reki. Hakuinua kichwa, lakini reki ilikuwa imesimama.

"Shikamoo, mzee," Inspekta aliita.

"Marahaba, mwanangu."

"Mkweo alikuja hapa siku ile?"

"Alikuja. Akasalimia, akaenda zake." Reki ikaanza kutembea tena.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchezea. Binti wa Sindano alikuwa mahabusu kituoni kwa siku ya tisa. Mdogo wa dereva alikwenda kwa shemeji yake kutafuta vyeti vya ukoo, akapekua sanduku la nguo, na chini kabisa akaikuta saa ya mkono ya kaka yake, ile ile aliyovaa siku aliyopotea, jina limechongwa nyuma. Mwanamke aliulizwa saa imefikaje pale, akafunga mdomo, na tangu hapo alikuwa hajaufungua hata kuomba maji. Ijumaa angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Leo ilikuwa Jumatano. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa analala kwa babu yake, chumba cha nyuma ya bustani hii, na kila jioni aliuliza mama anarudi lini.

Inspekta hakuamini kwamba yule mwanamke ameua. Alimwambia hivyo Mkuu wa Kituo, na Mkuu wa Kituo akamjibu kwamba kuamini ni kazi ya masheikh na wachungaji, yeye alete mtu mwingine kabla ya Ijumaa au anyamaze. Inspekta huyu kituoni walimwita Shangazi, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu alihoji kama shangazi anavyomhoji mchumba: kwa upole, taratibu, mpaka unajikuta umeeleza na usiloulizwa.

"Hebu nitembeze bustani, Mhandisi," alisema.

Hakuna mwenye bustani anayekataa ombi hilo, hata nyumba iwe inaungua. Mhandisi alivaa kofia yake ya ukili, akatangulia.

Alikuwa amefanya kazi idara ya maji miaka thelathini, akigawa maji katika mji usio na maji, na alipostaafu aliapa kwamba hatapanda kitu kinachoomba. Ua lote lilikuwa mawe na kokoto nyeupe, na juu yake zilisimama kaktasi arobaini na moja, nyembamba, ndefu, zimenyooka kama nguzo za umeme. Kila moja ilikuwa na mbavu za kijani kutoka chini hadi juu, na miiba imepangwa juu ya mbavu kama vifungo. Hapakuwa na jani hata moja la kumpa mtu kivuli. Chini ya kokoto, Mhandisi alieleza, kulikuwa na mifereji aliyoichimba mwenyewe ili zile mvua mbili tatu za mwaka zisikimbilie barabarani. Kiangazi kila mmea ulipata ndoo moja kwa mwezi, tena ya maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

"Ukiuzidishia maji unauua," alisema. "Unaoza kuanzia miguuni, wewe unaona juu bado ni kijani. Watu wengi wanaua kwa huruma."

Koplo aliandika na hilo.

Karibu na ukuta wa nyuma, peke yake, palikuwa na moja iliyozidi nyingine kwa usafi. Ilifika urefu wa mtu mmoja na nusu. Mhandisi alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

"Hii aliipanda marehemu mke wangu, miaka kumi iliyopita, ikiwa ndogo hainifiki magotini. Tangu siku hiyo haijaguswa na mtu, na haitaguswa nikiwa hai."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Inspekta alimpa pole ya msiba, akaitazama ile kaktasi kuanzia chini hadi pale macho yake yalipoishia, akapita.

Koplo ndiye aliyeiona nyingine. "Afande, hebu njoo uone hii."

Ilikuwa upande wa geti. Nusu yake ilikuwa kijani kama wenzake. Nusu ya pili ilikuwa imebabuka kuanzia bega hadi chini, ngumu, ya kahawia, imekwaruzika kama sufuria iliyounguza. Udongo wa chini yake ulikuwa umeinuka kidogo kuliko wa majirani zake.

"Hiyo ni aibu yangu," alisema Mhandisi, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kaktasi ina upande wake wa jua. Upande huo ngozi imekomaa, ule mwingine ni laini kama shavu la mtoto. Ukiihamisha ukaipanda kinyume, jua la mchana linaubabua ule upande laini, na haliuachi. Sindano hang'oi mmea kabla hajautia nukta ya rangi nyeupe chini, upande wa jua. Akipanda pengine, nukta inatazama kule kule. Mimi nilijitia fundi siku Sindano yuko likizo."

"Lini hiyo?"

"Miaka mitano sasa."

"Si mitatu?"

Mhandisi alirudisha kofia kichwani. "Mama, nimesema mitano."

Koplo alimvuta Inspekta pembeni, akamnong'oneza. Aliyeigeuza kaktasi ile hakuwa fundi, alisema, au alikuwa fundi mwenye haraka. Mtu mwenye maiti begani atakumbuka jua linapiga wapi? Udongo umeinuka. Na mwenye nyumba mwenyewe anakiri kwa mdomo wake kwamba ndiye aliyechimba. Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta alikuwa ameifikia mwenyewe kabla Koplo hajamaliza sentensi. Kibali cha mahakama kilikuwa mfukoni. Aliagiza makonstebo wanne waliokuwa kwenye gari walete mabeleshi.

Walianza vibaya. Wawili waliikumbatia kaktasi kwa magunia, wakataka kuivuta kwa nguvu, na hapo Sindano akaacha reki yake akaja.

"Msimvute shingo, wanangu. Mtamvunja." Alizungumza juu ya mimea ile kama watu wanavyozungumza juu ya wazee wa nyumbani. Alileta kipande cha zulia kuukuu na kamba nene ya katani. Akawaonyesha: zulia linazungushwa katikati, kamba inapita juu ya zulia, mmoja anasimama nyuma mbali anaishika kamba na kuulegeza uzito kidogo kidogo, mwingine yuko chini anachimbua mizizi na kumpokea. "Hii kazi ya watu wawili. Peke yako atakulalia, na huyu akikulalia huamki."

Konstebo mmoja alijifanya anajua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alichomwa miiba kumi na saba, na Koplo aliihesabu ilipokuwa inatolewa.

Walichimba mpaka shimo likamfika mtu kifuani. Walikuta mawe, kipande cha bomba, kifuniko cha chupa. Walipogonga mwamba mtupu, Inspekta alisema basi. Jua lilikuwa utosini. Alijua kwamba Mkuu wa Kituo angesikia habari za shimo hilo kabla ya chakula cha mchana, na kwamba mwanamke aliyekuwa mahabusu ndiye angelilipia.

Mhandisi angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshinda. Lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mtu aliyeshinda ndio kabisa.

"Umeridhika, mama? Sasa sogea hapa, nikuthibitishie kwamba mimi si mwongo." Kaktasi ilikuwa imelazwa juu ya zulia. Aliinama, akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo shina lilikuwa limebana, kama limefungwa mkanda. "Kiuno hiki unakiona? Ukiihamisha inashtuka. Msimu mzima hainenepi, inabana tu. Ikishapona inaendelea kupanda na unene wake wa zamani, lakini kiuno kinabaki pale pale maisha yake yote. Na aina hii inapanda shibiri moja kwa mwaka. Pima, kutoka kiunoni mpaka nchani. Pima mwenyewe."

Inspekta alipiga magoti, akapima kwa mkono, vidole vikipita juu ya miiba bila kugusa. Tano.

"Tano," Mhandisi alisema. "Miaka mitano. Wakati huo dereva wako yuko mzima, anakula, anashiba, anampiga mkewe."

"La kumpiga mkewe sikuwa nimeuliza," Inspekta alisema kwa upole.

Mhandisi alijifuta jasho. Alisema kila mtu alijua, mtaa mzima ulijua. Inspekta aliitikia kwa kichwa kana kwamba jambo hilo limekwisha, akainuka, akajipangusa magoti, kisha akaanza kutembea.

Aliianza safu ya kwanza kutoka getini. Alisimama mbele ya kila kaktasi, akaitazama kuanzia chini hadi juu, akaenda nyingine. Nyingi zilikuwa na kiuno kimoja chini kabisa, cha siku zilipoletwa bustanini zikiwa ndogo. Chache hazikuwa nacho. Ya kumi na tisa ilikuwa nacho katikati, na Sindano alipoulizwa akajibu mara moja kwamba walimhamisha kupisha bomba, miaka saba. Inspekta akapima, saba. Ukweli wa mle bustanini ulikuwa umeandikwa kila mahali, wa kuusoma tu. Nyuma yake alisikia Mhandisi anamwambia Koplo kwamba serikali inapoteza muda wa watu. Mkwaruzo wa reki hakuusikia tena.

Alipofika ukutani, kwenye ile ya marehemu, alisimama muda mrefu. Kwa chini haikuwa na kasoro. Kwa juu, kupita kichwa chake, mbavu zilishikana na mwanga wa jua, macho yakaumia.

"Koplo, nitafutie ngazi."

Ngazi ya kukunja ililetwa kutoka stoo. Alipanda vidaraja vitatu, na pale uso wake ulipofika juu akakiona kiuno, kimebana vizuri, kizunguko kizima. Alipima. Shibiri tatu na vidole vitatu.

Alishuka. Alipiga magoti upande wa jua la mchana, akaondoa kokoto kwa viganja. Nukta ilikuwa pale, juu kidogo ya udongo, nyeupe, imezidiwa kidogo na kifungo cha shati.

"Koplo," alisema bila kuinuka, "nisomee alichosema Mhandisi kuhusu kaktasi hii."

Koplo alirudisha kurasa nyuma. "'Hii aliipanda marehemu mke wangu, miaka kumi iliyopita, ikiwa ndogo hainifiki magotini. Tangu siku hiyo haijaguswa na mtu, na haitaguswa nikiwa hai.'"

Inspekta hakumtazama. Alimtazama Sindano, aliyekuwa amesogea mpaka hatua tatu, mikono imening'inia.

"Mzee, nukta hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa na maiti pembeni. Ulipata wapi muda wa kutafuta rangi?"

Mzee alionekana kushangaa kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango akitoka. "Ningempandaje bila nukta, mwanangu? Angeungua."

Inspekta alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili, amewaona waliouza siri kwa pombe, kwa wivu, kwa kiburi. Huyu alijiuza kwa sababu hakuweza kuifanya kazi yake vibaya, hata siku ile.

"Nilimuua mimi," Sindano alisema. "Alikuja kumburuta mwanangu kwa nywele. Nilimpiga beleshi la uso, akaanguka. Nikamzika. Peke yangu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee. Asubuhi hii umewafundisha polisi wangu kwamba hii ni kazi ya watu wawili. Tena boza lilitoka hapa likaenda hadi ghala la saruji. Wewe unajua kuendesha gari?"

"Hata baiskeli sijui."

Mhandisi akakaa juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye maji baridi.

"Mimi ndiye niliyeshika kamba," alisema. "Na boza niliendesha mimi. Mwache mzee wa watu, nilimshauri mimi. Hata juzi alipotaka kuja kwenu kujisalimisha nilimzuia. Nilimwambia hakuna maiti, hakuna kesi, Ijumaa watamwachia mwanae."

"Mahali pa mkeo?"

"Mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kuchimba."

"Na saa?"

Sindano ndiye aliyejibu. "Niliivua mkononi kwake kabla hatujamfukia. Nilisema mjukuu naye apate kitu cha baba yake." Alipangusa pua kwa kiganja. "Haya, iandikeni. Mwanangu atoke leo."

Walichimba tena. Safari hii hakuna konstebo aliyejifanya anajua. Sindano aliomba kusimama karibu, Inspekta akaruhusu, na mzee akawaelekeza hatua kwa hatua, zulia hapa, kamba pale, legeza, legeza, mpokee. Kaktasi ikalala bila kuvunjika ubavu hata mmoja. Chini yake, urefu wa mkono, palianza turubai. Sindano alikuwa ameshageuka, anaitazama ile nukta nyeupe ibaki juu.

Daktari wa maiti alifika saa nane, akachuchumaa kwenye turubai. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema ni mwanamume, wa umri na urefu wa yule mnayemtafuta, na jino la mbele lililovunjika linalingana na picha. Kisha akaligeuza fuvu. Mifupa ya uso ilikuwa mizima yote. Kisogoni palikuwa na tundu moja, la mviringo, kama mdomo wa kikombe cha kahawa.

"Beleshi halifanyi hivi," Inspekta alisema.

"Halifanyi. Na aliyepigwa alikuwa amempa mgongo aliyempiga. Ameinama."

Kituoni, kwenye chumba cha mahojiano chenye meza moja na viti vitatu, alimuuliza Sindano mara mbili. Ulimpiga na nini? Beleshi. Wapi? Usoni. Alikuwa amekutazama? Amenitazama. Mzee alijibu bila kupepesa, akaweka dole gumba kwenye wino, akalibonyeza chini ya maelezo yake. Mhandisi, chumba cha pili, alisema hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo. Mambo waliyoyapanga watu wawili wazima hufanana mno. Wote wawili walisema mwanamke alikuwa amelala na mtoto, hakusikia lolote. Mkuu wa Kituo alipita mlangoni, akampongeza Inspekta, akasema fomu ya kumwachia mwanamke isainiwe leo leo, chumba cha mahabusu kimejaa.

Kasoro ile Inspekta aliiona, kama mtu anavyoliona jiwe kwenye mchele. Alichukua fomu akaenda.

Binti wa Sindano alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa na mwili mwembamba wa baba yake na kovu la zamani juu ya nyusi. Inspekta alimwashiria wakae kwenye benchi la ndani, akamwekea fomu mapajani.

"Saini hapa. Mwanao yuko kaunta na Koplo."

Kwa siku tisa ilikuwa mara ya kwanza mwanamke yule kusema. Sauti ilitoka imekauka. "Baba ameshasaini?"

"Ameshasaini."

"Amesema alimpiga wapi?"

Inspekta alijua kwamba hatakiwi kujibu. "Usoni. Kwa beleshi."

Mwanamke alitikisa kichwa. "Baba hakuwepo, mama. Walikuwa barazani na Mhandisi wanacheza drafti. Mimi ndiye niliyekuwa chumbani kwake, nimemkimbia mume wangu. Alikuwa ameinama anamchukua mtoto, kaniambia mtoto anaondoka, mimi nibaki nife huko na baba yangu. Wakati huo mtoto ana miezi kumi. Nilishika mchi. Walipokuja mbio, Baba hakuniuliza kitu. Alinitoa mchi mkononi akanipa mtoto."

Inspekta aliitazama kalamu yake. Alikuwa ameifunga kifuniko, na hakukumbuka aliifunga lini.

"Sikukuuliza hilo," alisema. "Na sijaliandika. Ukisaini hii fomu unatoka na mwanao. Baba yako ana miaka sabini na mmoja."

"Ndiyo maana."

"Mtoto hana mtu mwingine."

"Ana mama mdogo. Ni safari ya usiku mmoja kwa basi." Mwanamke alichukua kalamu, akaifungua, akasaini fomu polepole, jina lote. "Nilidhani nikinyamaza mtachoka. Kumbe na Baba alidhani hivyo hivyo. Usilifunge hilo faili, mama. Naomba."

Alimchukua mtoto kaunta. Mtoto alimkumbatia shingoni kwa mikono yote miwili, akauliza babu yuko wapi, akajibiwa babu yuko kazini. Inspekta alisimama dirishani mpaka walipopinda kona.

"Tufunge faili, afande?" Koplo aliuliza.

"Liache mezani."

Alhamisi ilipita. Inspekta aliandika ripoti ya daktari kama ilivyo, tundu la kisogoni na yote, akaiweka kwenye faili bila kuipeleka kwa mtu. Jioni alimpelekea Sindano chai mwenyewe. Mzee alimuuliza kama wameipanda tena ile ya marehemu. Alipoambiwa bado, akamweleza wapi pa kuipanda na iachwe bila maji wiki tatu. Hakuuliza habari za binti yake, na Inspekta hakumpa. Usiku huo aliomba kwa Mungu kwamba yule mwanamke asirudi. Ilikuwa dua mbaya kwa askari, naye aliiomba mpaka usingizi ukamchukua.

Ijumaa, saa mbili kasoro asubuhi, gari la mahakamani likiwa linaunguruma uani, Inspekta alipanda ngazi za kituo akamkuta kwenye benchi la nje. Vumbi la njiani lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakuwa na mtoto. Mapajani alipakata mfuko wa plastiki, na ndani yake zilionekana nguo za kubadilisha, kipande cha sabuni na mswaki.

Koplo alikuwa ameinama mbele yake, mkono ameunyoosha, na kwa sababu hakuwa mtu mbaya alizungumza kwa upole.

"Lete hapa, dada, nimpelekee mzee kabla gari halijaondoka."

"Hivi ni vyangu," alisema.